Maswali ya Wasomaji: Usingizi Mahali Pasipo na Umeme

Barua nyingi tulizopokea kuhusu usingizi zinarudia dai moja, kwamba watu wanaoishi bila taa za umeme, simu na televisheni hulala kwa muda mrefu na kwa raha kuliko watu wengine, na kwamba kila anayekosa usingizi angepona laiti angeviacha vyombo hivyo. Dai hilo lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo hauko pale ambapo wengi huutafuta. Tumechagua maswali machache na kuyajibu kwa kirefu kila ilipowezekana.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma mara nyingi kwamba kabla ya umeme watu walikuwa wakilala jua linapotua na kuamka linapochomoza, yaani zaidi ya saa kumi za usingizi kila usiku. Mimi usingizi wangu hauzidi muda wa saa sita na nusu, na ninahofia kwamba ninajifupishia maisha. Je, ni kweli kwamba mwili wa binadamu unadai usingizi wa usiku kucha?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako inatokana na picha ya zamani ambayo haikupata kupimwa mpaka hivi karibuni. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika jamii tatu zinazoishi bila umeme na zilizo mbali sana kati yao, ambazo ni Wahadzabe wa Tanzania, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Watu wazima 94 walifungwa mkononi kifaa kidogo kinachorekodi mienendo ya mwili usiku na mchana, na kumbukumbu zilizokusanywa zilifikia siku 1,165. Ilibainika kwamba watu hawa walikuwa wakijilaza kwa muda wa saa 6.9 hadi 8.5, na kwamba usingizi wenyewe, ukiondoa dakika za kugeukageuka na kuzinduka, ulikuwa wa saa 5.7 hadi 7.1. Kiasi hicho hakizidi kile cha watu wa mijini wenye taa na televisheni.

Wala hawakulala mara jua lilipotua. Kwa wastani usingizi uliwachukua zaidi ya muda wa saa tatu baada ya machweo, wakiwa wameketi gizani au kando ya moto wakizungumza na kumalizia shughuli, na wengi wao waliamka kabla ya jua kuchomoza. Usingizi wa mchana, ambao wengi hudhani ndio uliofidia upungufu, ulikuwa haba: wakati wa baridi ulionekana katika siku zisizofikia 7 kwa kila 100, na wakati wa joto katika siku zisizofikia 22 kwa kila 100.

Tofauti iliyojitokeza haikuwa katika wingi wa saa. Watu hawa walilala na kuamka kwa nyakati zisizoyumba sana kutoka siku moja hadi nyingine, usingizi wao ulirefuka kwa karibu saa nzima wakati wa baridi na kupungua wakati wa joto, na waliolalamika kwamba usingizi unawapiga chenga mara kwa mara hawakufikia watatu kwa kila watu mia. Kwa maoni yangu matokeo haya ya mwisho ndiyo yanayostahili kutafakariwa kuliko yote, kwa sababu mtu anayelala saa sita na nusu kwa utulivu, kisha akaamka bila uchovu, hana deni la usingizi la kumtia hofu.

Naomba hata hivyo uangalie jambo moja kabla ya kujilinganisha na takwimu hizi. Kifaa kilihesabu usingizi halisi, ilhali watu wengi huhesabu tangu wanapojinyoosha kitandani mpaka wanapoinuka. Ikiwa saa zako sita na nusu ni za kujilaza, usingizi wako halisi huenda unapungua chini ya saa sita, na ikiwa unasinzia mchana kazini au njiani, basi mwili wako unakuomba uongeze muda. Utafiti huu usitumiwe na mtu yeyote, hasa mwajiri, kama kibali cha kuwanyima wengine mapumziko.

SWALI: Wakati wa likizo nilikaa kwa wiki kadhaa mahali pasipo na umeme. Nilikuwa nikilala mapema sana, mara tu baada ya chakula cha jioni, lakini usiku wa manane nilikuwa nazinduka na kukaa macho kwa muda mrefu kabla ya kupata usingizi tena. Sikuwahi kuwa na tatizo hilo. Je, ni ugonjwa?

JIBU: Dalili unazozieleza zinafanana mno na jambo ambalo wanahistoria na madaktari wamelijadili kwa miaka mingi. Roger Ekirch, mwanahistoria wa Marekani, alichapisha mwaka 2001 uchambuzi wa shajara, kumbukumbu za mahakama, vitabu vya tiba na maandishi mengine ya Ulaya ya karne zilizopita, akaonyesha kwamba watu wengi wa huko walizungumzia usingizi wa kwanza na usingizi wa pili kama jambo la kawaida lisilohitaji maelezo. Walilala mapema, wakaamka karibu na usiku wa manane, wakakaa macho kwa saa moja hivi wakisali, wakizungumza au wakiangalia moto na mifugo, kisha wakalala tena mpaka alfajiri.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, daktari Thomas Wehr wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani alikuwa amewaweka watu wenye afya njema katika giza la saa 14 kila siku kwa muda wa mwezi mmoja. Katika siku za mwanzo walilala sana, kana kwamba walikuwa wakilipa malimbikizo, lakini baadaye usingizi wao ulitulia kwenye takribani saa nane, nao ukagawanyika sehemu mbili zilizotenganishwa na kipindi cha kukaa macho kwa utulivu cha saa moja au zaidi. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mtu akipewa usiku wa saa 14, na mwili wake ukihitaji saa nane tu, zile sita zinazobaki zitaingia mahali fulani, na mara nyingi sehemu yake huingia katikati.

Je, basi huo ndio usingizi wa asili wa binadamu wote? Hapa naomba tusiharakishe. Katika zile jamii tatu nilizozitaja, kuzinduka kwa muda mrefu katikati ya usiku hakukuwa kawaida, na Siegel na wenzake walitoa hoja kwamba usingizi wa vipande viwili ulizaliwa na usiku mrefu wa majira ya baridi kaskazini mwa dunia, tofauti na maeneo ya karibu na ikweta ambako usiku hukaribia saa 12 mwaka mzima. Hata hivyo David Samson na wenzake walieleza mwaka 2017 kwamba wakulima wa Mandena, kijiji cha Madagaska kisicho na umeme, hulala kwa vipande, wakiwa na shughuli nyingi baada ya usiku wa manane. Mimi naona kwamba mwili wa binadamu unaziweza njia zote mbili, na kinachoamua ni urefu wa giza, saa ya kujilaza na desturi ya watu wanaomzunguka mlalaji.

Kwa hiyo sioni ugonjwa hapo. Ulijilaza mapema kuliko ulivyozoea na ukaupa usiku muda mrefu kuliko usingizi ulionao. Ungeweza kuchelewa kidogo kujilaza, au kukikubali kipindi hicho cha kukaa macho bila kukipigania, maana wasiwasi wa kuhesabu saa zilizobaki kabla ya mapambazuko huufukuza usingizi haraka zaidi kuliko kuzinduka kwenyewe.

SWALI: Nyumbani tunatumia taa ya mafuta na mara nyingine mishumaa. Kijana wangu, ambaye hulala na simu mkononi, anasema kwamba mwanga ni mwanga tu, na kwamba taa yangu inauharibu usingizi kama simu yake. Je, kuna tofauti yoyote?

JIBU: Ipo tofauti, na ili kuieleza vizuri inanibidi nianze na namna mwili unavyotambua usiku. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya fahamu ya macho hukutana, kuna kiini kidogo kinachoongoza saa ya mwili. Saa hiyo haiendi sawasawa na jua. Vipimo vilivyoongozwa na Charles Czeisler na kuchapishwa mwaka 1999 vilionyesha kwamba kwa watu wazima mzunguko wake ni wa takribani saa 24 na dakika chache za ziada, hivyo isiporekebishwa kila siku huchelewa kidogokidogo. Anayeirekebisha ni mwanga. Ndani ya jicho zimo seli ambazo kazi yake kubwa ni kupima wingi wa mwanga na kupeleka habari kwenye kiini hicho, nazo huitikia zaidi mwanga wa rangi ya samawati, ule unaojaa angani mchana. Mwanga huo unapopungua jioni, tezi ndogo ya ubongo huanza kumwaga melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia.

Sasa tutazame viwango, kwa luksi, ambayo ni kizio cha kupimia wingi wa mwanga unaoangukia mahali. Jua kali la mchana hufikia luksi 100,000. Siku yenye mawingu mazito hubaki na luksi elfu kadhaa. Chumba chenye taa za umeme huwa na luksi 100 hadi 500, mshumaa ulio umbali wa mita moja hutoa luksi 1 tu, na mbalamwezi haifikii hata hiyo. Taa yako ya mafuta, pamoja na moto wa kuni, ni hafifu na mwanga wake umeelemea rangi ya manjano na nyekundu, kwa hiyo zile seli za jicho haziushughulikii sana. Kioo cha simu au cha tabuleti huwa karibu na uso na kina samawati ya kutosha. Katika jaribio lililochapishwa na Anne-Marie Chang na wenzake mwaka 2015, watu waliosoma kwenye kifaa chenye kioo kinachong'aa kwa muda wa saa nne kila jioni, kwa siku tano mfululizo, walichelewa kupata usingizi kwa takribani dakika kumi kuliko waliposoma kitabu cha karatasi, na saa yao ya mwili ilichelewa kwa karibu saa moja na nusu. Dakika kumi ni kidogo. Kuchelewa kwa saa ya mwili ndiko kunakomfanya kijana ashindwe kuamka asubuhi.

Lakini kuna upande wa pili ambao barua zote mlizotuandikia zimeusahau, nao ni mchana. Mwaka 2013 Kenneth Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwapeleka watu wanane kupiga kambi katika milima ya Rocky kwa juma moja la majira ya joto, bila simu wala tochi, wakiwa na jua na moto wa kambi peke yake. Huko walipata mwanga mara nne zaidi ya ule walioupata katika maisha yao ya kawaida, na ongezeko hilo lilitoka kwenye jua la mchana. Melatonini yao ilianza kupanda karibu na machweo, takribani saa mbili mapema kuliko walipokuwa mjini, na asubuhi ilikuwa imekwisha kushuka kabla hawajaamka, tofauti na mjini ambako waliamka huku homoni ya usiku ikiwa bado mwilini. Wale waliozoea kuchelewa kulala ndio waliobadilika zaidi. Muda wa usingizi kwa jumla, hata hivyo, haukubadilika. Kilichobadilika ni wakati wake. Baadaye kundi hilohilo la watafiti lilichapisha mwaka 2017 kwamba hata mwisho wa juma mmoja tu kambini unaiwahisha saa ya mwili kwa zaidi ya saa moja.

Mwambie kijana wako, basi, kwamba simu ya usiku ni nusu ya tatizo. Anayeshinda ndani mchana kutwa, penye luksi 200, anaupa mwili wake mchana uliofifia na usiku uliong'aa, na mwili unashindwa kuutenganisha mmoja na mwingine. Wewe nawe, pamoja na kwamba mwanga wa taa yako hauna lawama, fungua dirisha, kwa sababu moshi wa mafuta ya taa huumiza mapafu, na izime kabla ya kulala kwa kuhofia moto.

SWALI: Umeme umeingia kwetu hivi karibuni na tunaufurahia, ila nimeona kwamba nyumba nzima sasa hulala kwa kuchelewa, nami nikiwa wa mwisho. Je, wengine wamepata hali hiyo?

JIBU: Wameipata. Horacio de la Iglesia na wenzake walizilinganisha jamii mbili za Watoba, ambao wenyewe hujiita Waqom, katika jimbo la Formosa nchini Argentina. Ni watu wa asili moja na mila moja, ila jamii moja ilikuwa na umeme wakati wote na nyingine haikuwa nao. Wenye umeme walilala pungufu kwa takribani dakika 40 wakati wa joto na kwa karibu saa moja wakati wa baridi, na upungufu huo ulitokana na kuchelewa kulala, kwa maana saa ya kuamka ilibaki karibu ileile. Miongoni mwa wagema mpira wa Acre, nchini Brazili, ilionekana vilevile kwamba wenye umeme nyumbani huchelewa kulala kuliko wasio nao.

Utaona kwamba umeme haukumwamsha mtu usiku. Uliongeza jioni, na asubuhi ikakataa kusogea kwa sababu kazi na shule hazisubiri. Sitakushauri hata kidogo uukatae, kwani taa inayomwezesha mkunga kuona anachokifanya na mwanafunzi kumaliza somo lake ni neema kubwa. Punguzeni tu idadi ya taa zinazowaka katika muda wa mwisho wa jioni, na televisheni iwe na saa yake ya kuzimwa inayojulikana na wote, ukiwemo wewe.

SWALI: Je, mbalamwezi nayo inapunguza usingizi, au ni imani tu?

JIBU: Inaupunguza. Utafiti mwingine miongoni mwa hao Waqom, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba katika siku tatu hadi tano kabla ya mwezi mpevu watu huchelewa kulala na kulala muda mfupi zaidi, kwa sababu siku hizo mwezi huwa umeshapanda angani jioni. Mabadiliko kama hayo yalionekana hata kwa wanafunzi wa chuo kikuu mjini Seattle, waliozungukwa na taa. Mwanga wa mwezi hauwezi kuwa sababu pekee kwa watu wa mjini, na suala hilo bado linachunguzwa.

SWALI: Tumeweka mapazia mazito na tumeacha simu sebuleni, lakini bado ninageuka kitandani kwa joto mpaka karibu na alfajiri. Nimekosea wapi?

JIBU: Hukukosea, umeshughulikia mwanga ukasahau baridi. Yetish na Siegel walipopima joto la hewa katika jamii zile tatu waliona kwamba watu walilala katika kipindi ambacho joto lilikuwa likiendelea kushuka, na kwa Wasani na Watsimane waliamka karibu na wakati ambapo hewa ilikuwa imefikia ubaridi wake wa mwisho. Mlingano huo una maana, kwa kuwa ili usingizi uingie, joto la ndani ya mwili hupaswa kushuka, nao mwili hulitoa kupitia ngozi ya mikono na miguu. Kuta nene na mapazia mazito hulihifadhi chumbani lile joto lililokusanywa mchana, na kumnyima mlalaji ile dalili ya usiku ambayo anayelala karibu na hewa ya nje huipata bila gharama. Fungua madirisha hewa ya nje inapoanza kupoa, ukilala ndani ya chandarua ikiwa kuna mbu, oga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala ili damu isogee karibu na ngozi, na usijifunike miguu.

SWALI: Baba yangu ni mzee. Siku hizi hulala mapema na huamka saa tisa usiku, kisha hukaa peke yake mpaka kupambazuke. Tumpe dawa za usingizi?

JIBU: Msikimbilie dawa. Mwaka 2017 David Samson, Alyssa Crittenden na wenzao walieleza matokeo ya kuwapima usingizi Wahadzabe wazima 33 kwa siku 20. Katika muda huo wote, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa wakati mmoja zilikuwa 18 tu. Katika wakati wowote wa usiku zaidi ya theluthi moja ya watu walikuwa macho au wamesinzia kidogo, na sababu kubwa ilikuwa tofauti ya umri, kwani wazee walitangulia kulala na kuamka, na vijana wakachelewa. Watafiti hao wanaona kwamba mpangilio huo ulilifaa kundi lote, maana palikuwa daima na jicho lililo wazi dhidi ya wanyama na hatari nyingine. Kuamka mapema kwa mzee ni mabadiliko ya kawaida ya saa ya mwili, nayo huonekana penye umeme na pasipo na umeme.

Kinachoniuma katika barua yako ni kwamba baba hukaa peke yake. Mketisheni juani nyakati za alasiri ili saa yake ichelewe kidogo, mzungumze naye jioni ili asilazimike kulala kwa kukosa la kufanya, na achieni karibu naye taa ndogo ya rangi ya manjano asije akajikwaa akienda msalani. Hata hivyo, ikiwa anakoroma kwa nguvu na pumzi hukatika usingizini, ikiwa husinzia mchana katikati ya mazungumzo, ikiwa anakwenda haja ndogo mara nyingi kila usiku, au ikiwa amepoteza hamu ya chakula na ya watu, hayo hayatokani na umri wala na taa, na mnapaswa kumpeleka kwa daktari bila kuchelewa.